DISKI INAGONGA, NA HARUSI ZA WATU ZIMO NDANI!

Mie mwenzenu huku Micheweni mzima, alhamdulillahi, ingawa nimekonda kidogo kwa sababu nitakayoieleza. Niliwaahidi kwamba leo tutazungumzia mashoga wanaoazima viatu vya harusi wakavirudisha kisigino kimoja. Mada hiyo ipo palepale na barua zenu nimezipata, lakini naomba mnivumilie. Leo nna yangu moyoni, na nisipoyatoa yatanipasua.

Wanaonifuata tangu safu hii ianze wanajua kwamba nilipomaliza fomu foo sikwenda mbali. Nilibaki nyumbani nikawa nafuatana na mama mdogo kwenye kazi yake ya kupiga video za harusi, upande wa wanawake. Wanaume wana wapiga picha wao huko kwenye nikaha na dufu, hao hawatuhusu. Sie tunaingia kule ndani ambako baibui huvuliwa. Nywele wazi, migongo wazi, dhahabu za kuazima mpaka kwenye viwiko, na mabibi wazima wanacheza mpaka meno ya bandia yanalegea! Yote hayo yanaingia kwenye kamera, na sharti la kwanza la kazi yetu, analolitaja mama mdogo hata kabla ya bei, ni kwamba picha hizo haoni mwanamume. Si fundi, si mume wa mama mdogo, si nani. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Siku picha moja itakapoonekana kwenye simu ya mtu barazani Konde, siku hiyo sie tufunge kazi tukalime mwani.

Likumbukeni sharti hilo, maana ndilo lililoniponza.

Sasa harusi moja ya siku hizi inakula nafasi, si mchezo. Kamera mbili, saa tano sita, unajikuta na gigabaiti themanini, mia. Zamani mama mdogo alikuwa anaweka kwenye DVD, na nusu ya DVD hizo leo zimeota ukungu, ukiziangalia kwenye mwanga kama ramani ya dunia. Flashi zinapotea na watoto wanazichezea. Ndipo binamu yangu wa kike aliyeko Maskati akanifundisha kwa simu, usiku kwa usiku, nikatengeneza seva ya nyumbani. Msitishwe na jina! Ni kompyuta ya mtumba iliyotoka kwenye ofisi ya watu, haina hata kioo, imekaa kwenye kona ya chumba chetu cha kulala nyuma ya kabati la nguo. Ndani tumetia diski mbili za terabaiti nne nne, tukaiunganisha na ruta. Mama mdogo anafungua video kutoka kwenye laptopu yake sebuleni, mie natoa kopi za wateja chumbani, kila mtu na kazi yake.

Diski zenyewe tumezifunga kama watu na kioo. Kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye ya pili papo hapo, mfano wa dada wawili waliovaa sare. Moja ikifa, nyingine ipo, nawe unanunua mpya unaendelea. Mtindo wa kuzikusanya diski namna hii una jina, RAID, walilolipa wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Patterson, Gibson na Katz, katika makala yao ya mwaka 1988. Mie nililala usingizi mzuri kwa ajili ya jina hilo. Nikijiambia harusi zote za Micheweni zimo mahali salama, kila moja mara mbili.

Basi ilikuwa Alkhamisi, wiki ya pili baada ya Idi el Fitri. Akaja mama mmoja wa Tumbe. Tulipiga harusi ya binti yake mwezi wa Shaabani, na kopi yake aliichukua kwenye flashi, ila flashi mjukuu kaitia kwenye ndoo ya maji. Akakaa, nikampa juisi ya ukwaju, akainywa nusu akaiweka chini. Akaniambia dada yake mkubwa amefariki Ramadhani, siku ya kumi na tisa, na picha ya kusimama wanayo, lakini ya kumwona anatembea na kucheka hawana hata moja, maana marehemu alikuwa hataki kupigwa. Siku ile ya harusi tu ndiyo aliyokubali.

"Mwanangu," akanambia, "mie sitaki harusi nzima. Nitolee pale dada aliponyanyuka akenda kutunza. Hapo tu."

Nikamwambia, mama, dakika tano tu. Nikafungua laptopu, nikalibofya faili. Kimya. Nikabofya tena. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Na katika kimya kile nikasikia kutoka chumbani, nyuma ya kabati: tak... tak... tak. Kama mtu anagonga mlango kwa ukucha.

Yarabi! Mwenzenu nikafanya wanalofanya wapumbavu wote. Nikaenda nikaizima seva, nikaiwasha. Ikagonga. Nikaizima, nikaiwasha. Mara tatu! Kwa taarifa yako msomaji, hili ndilo kosa la kwanza, na ili ujue kwa nini ni kosa itabidi tuingie ndani ya diski kidogo.

Diski ya namna hii si kama flashi. Ndani mna sahani zinazozunguka, zetu sisi mara 5,400 kwa dakika moja, na juu yake mna kijiti chenye kichwa cha kusomea kinachokwenda na kurudi. Kichwa hicho hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa nanomita chache tu, na unywele wako mmoja una upana wa nanomita hamsini elfu mpaka laki. Diski ya kwanza ya aina hii waliitoa IBM mwaka 1956, ikiitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani hamsini, kila moja pana kama sinia la biriani, chombo chake kinapita tani moja kwa uzito, na yote hayo kwa kubeba herufi milioni tano tu. Diski yangu moja inabeba mara laki nane ya hiyo, na inaingia kwenye pochi. Sasa ile tak tak ni kichwa kimetafuta mahali pake hakikupaona, kinarudi nyuma kuanza upya, kinajaribu tena. Kila ukiizima na kuiwasha unakilazimisha kutua na kuruka tena hali ya kuwa kinaumwa. Kikigusa sahani ndiyo basi, kinakwangua, na kinachokwanguliwa ni harusi ya mtu.

Mama wa Tumbe aliniangalia usoni akafahamu. Akasema, "Haya mwanangu, ntarudi," akajifunga leso yake akatoka. Juisi kaiacha.

Jioni ile nilipata washauri, salaale! Jirani yetu anayeuza barafu za ubuyu alinishauri niitie diski kwenye mfuko wa nailoni niilaze kwenye friza lake usiku kucha, eti kuna mtu alifanya hivyo ikapona. Msifanye hivyo jamani. Ikitoka kwenye ubaridi kuja kwenye joto letu hili, inatoa jasho, na jasho hilo linaingia mpaka kwenye sahani. Kaka mmoja fundi wa mjini, simtaji, akasema kwa simu nimpelekee tu, yeye ataifungua apulize vumbi. Kuifungua kwenye kibanda cha kando ya barabara! Chembe ya vumbi kwa kichwa kile ni kama jabali. Na hata angekuwa fundi bora wa Afrika Mashariki nzima, mie ningempa vipi? Mnakumbuka sharti. Wanawake mia mbili wa Micheweni, Tumbe na Wingwi wamo mle na nywele zao wazi. Mama mdogo alisimama mlangoni akasema, hiyo ikitoka nyumba hii, na mie natoka.

Usiku nikampigia binamu Maskati. Akaniuliza swali moja: "Umeizima?" Nikasema ndiyo. "Iache imezimwa. Kesho tutaiwasha mara moja, tusome daftari lake, tuizime."

Daftari lenyewe ndilo hili. Kila diski inajiandikia hali yake yenyewe, hesabu hadi hesabu, na mfumo huo unaitwa SMART. Kuna programu za bure za kulisoma. Ukilifungua utaona mistari mingi ya kutisha, lakini ya kuangalia ni michache. Namba 5 inakuambia ni vipande vingapi vya sahani vimekufa vikahamishiwa kwenye akiba. Namba 197 ni vipande vinavyongoja hukumu, diski imeshindwa kuvisoma na haijui ivifanyeje. Namba 199, hii muhimu jamani, ni makosa yaliyotokea njiani, kwenye waya, kati ya diski na kompyuta.

Ijumaa asubuhi nikalisoma. Nikachoka!

Diski moja, niiite ya Pili, namba 5 ilikuwa na 48, namba 197 ina 112, na joto lake nyuzi 52 kule nyuma ya kabati la nguo. Hiyo ndiyo iliyokuwa inagonga. Kuna uchunguzi wa watu wa Google wa mwaka 2007 walioangalia diski zaidi ya laki moja. Waliona kwamba diski ikishakosea kusoma mara ya kwanza katika kujikagua, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku sitini ni mara 39 kuliko isiyokosea. Na msijivune na daftari pia, kwani uchunguzi uleule ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa, asilimia 56, hazikuonyesha kitu kwenye vipimo vinne vikuu. Zilikwenda ghafla, kama mtu na shinikizo la damu.

Lakini kilichoniua mie ni ile nyingine, ya Kwanza. Namba 5 sifuri. Namba 197 sifuri. Namba 199 maelfu! Maana yake diski yenyewe nzima kabisa, waya wake ndio mbovu. Nikauchomoa, nchani mwake pamefanya weusi na ukungu wa chumvi. Sisi tunakaa na bahari, msomaji, hata bawaba za milango hazidumu. Na seva ilipoona diski hii inakatikakatika, ikafanya ilivyofundishwa, ikaitoa nje ya kundi ikaendelea na moja. Lini? Nikaangalia tarehe. Mfungo Sita! Miezi saba mzima wa kioo nina dada mmoja tu aliyevaa sare, na mie nalala usingizi.

"Haikukwambia?" binamu akauliza. Iliniambia, kumbe. Kila wiki ilikuwa inatuma onyo kwenye barua pepe niliyoifungua nikiwa skuli, ambayo siri yake nimeisahau tangu mwaka wa mitihani. Haya, nichekeni.

Sasa fahamuni balaa lenyewe. Diski ya Kwanza, nzima, ina harusi zote mpaka Mfungo Sita. Za baada ya hapo, na mnajua Rajabu na Shaabani huku watu wanavyooana kama wanakimbizwa na mwezi, zote zimo kwenye ile ya Pili peke yake, inayogonga. Ya binti wa Tumbe imo humo. Ya dada yangu mwenyewe, wa damu, aliyeolewa Konde Shaabani hiyohiyo, imo humo.

Na hapo nilitaka kuongeza la pili. Seva ina kitufe cha kujenga upya. Badilisha waya, bonyeza, nayo itaichukua ile ya Kwanza na kuiandika upya kutoka kwenye ya Pili mpaka zifanane. Mama mdogo kidole kilikuwa kinamwasha. "Si ndiyo dawa hiyo?" Binamu alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza. Hebu fikiri. Utaichosha diski mgonjwa kwa kuisomesha terabaiti nne mfululizo, na wakati huohuo unafuta juu ya diski pekee iliyo nzima. Ikifia katikati, umebaki na mbili mbovu. Ile ya Kwanza tukaitoa, tukaifunga leso, tukaiweka mbali.

Kuitoa kwenyewe kulikuwa na kisa. Zote mbili za kampuni moja, umbo moja, karatasi moja. Seva inaziita kwa herufi, na herufi zinabadilika ikiwashwa upya. Nilishaishika moja mkononi, niko tayari, ndipo nikaona namba ya kiwandani haifanani na ile ya kwenye daftari. Nilishika siyo! Kwa kuwa seva ilikuwa imezimwa sikuharibu kitu, ila jasho lilinitoka. Leo zimeandikwa namba kwa rangi ya kucha, nyekundu.

Tukahitaji diski ya tatu, mpya, isiyopungua ukubwa. Fedha zilitoka kwenye mwani wa mama, na hilo nalo nitalilipa. Ilinunuliwa Kariakoo, Dar es Salaam, ikapanda boti mpaka Unguja, ikapanda nyingine mpaka huku, mkobani mwa shangazi katikati ya nguo. Siku tisa. Siku tisa diski ya Pili haikuwashwa hata dakika. Mama wa Tumbe alipiga simu siku ya nne, na mie nikamwambia ukweli wote, kwamba nimezembea, na kwamba huenda ipo huenda haipo. Alinyamaza kidogo akasema, "Basi tuombe Mungu." Ningependa angenitukana.

Ilipofika, tukaanza. Kuna programu ya bure kwenye Linux inaitwa ddrescue. Hii haikopi kama unavyokopi wewe na mie. Kopi ya kawaida ikifika mahali pabovu inang'ang'ania hapohapo, inagonga mpaka mgonjwa anakufa. Hii ikikuta pabaya inaruka, inachukua kwanza vyote vilivyo rahisi, halafu ndiyo inarudi nyuma kuokota vigumu kidogo kidogo. Na inaandika kila ilipofika kwenye faili lake pembeni. Faili hilo nalo ni jambo la kuwekwa akilini, kwani saa nane usiku wa kwanza umeme ulikatika! Kabla ya mwaka 2010, Pemba yetu ilikuwa ya jenereta za dizeli, ndipo ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na hali ni nzuri kuliko ya enzi zile. Lakini kukatika kupo, na diski haipendi kukatiwa ghafla ikiwa inazunguka. Niliinuka kwenye giza nikawa naomba dua tu. Uliporudi alfajiri, nikawasha, ikaendelea pale ilipoachia kama mtu aliyesitisha hadithi kwenda kunywa maji. Diski nzima ya ukubwa ule ingemaliza kwa saa nane hivi. Hii ilichukua siku mbili na nusu, na mie nimekaa nayo, feni ya meza nimeielekeza kwake mie navuja jasho. Mama mdogo alisema siku nikipata mume nisimsahau kumpepea vilevile.

Mwisho wake: kati ya terabaiti nne, kilichokosekana ni megabaiti 41. Nikaruka! Binamu akanituliza. "Inategemea zimepotea wapi."

Na ndivyo. Mafaili sita yameguswa. Manne ni vipande vya watu wanakula, Mungu atusamehe, hakuna atakayeuliza. La tano ni la Tumbe.

Nilimwita yule mama mwenyewe aje, sikutaka kulitazama kabla yake. Tukakaa watatu, mama mdogo kafunga mlango. Marehemu akanyanyuka kwenye mkeka, mnene, ana gauni la kijani, noti kaishika juu. Hatua tatu, picha ikavunjika. Viboksi tupu, kijani na zambarau, lakini sauti ipo, ngoma inalia na mtu anapiga vigelegele. Nikahesabu moja, mbili, tatu... sekunde kumi na moja. Halafu picha ikarudi, naye kashafika kwa bi harusi, noti kaibandika pajini pa uso, kageuka moja kwa moja kwenye kamera anacheka na pengo lake.

"Rudisha nyuma," akasema mama. Nikarudisha. Alitazama mara saba, tangu pale anaponyanyuka, na vile viboksi hakuviuliza hata mara moja. Akataka kulipa. Mama mdogo akamwambia akitoa hela atamkasirikia.

Faili la sita ndilo la dada yangu. Limepona karibu lote, lakini halifunguki. Video hizi huwa na faharasa, na kamera yetu huiandika mwisho kabisa, ukishabonyeza kuacha kurikodi. Faharasa ndiyo inayosema picha gani iko wapi, na shimo limeangukia hapohapo! Kuna namna ya kuijenga upya kwa kuazima mfano kutoka faili zima lililopigwa na kamera ileile. Nimejaribu mara mbili, nimepata sauti bila picha, kisha picha bila sauti, kila mtu kichwa chini. Nitaendelea.

Mnaouliza nimebadilisha nini: nyaya zote mpya, seva imetoka nyuma ya kabati, betri ya kukinga umeme naichangia. Onyo sasa linakuja kwenye simu hii ninayoishika kila siku. Na diski nyingine, siyo ya kioo, inajazwa kila Ijumaa kisha inakwenda Wingwi kwa shangazi, kwenye sanduku la leso lenye kufuli. Kwani kioo hakikukingi ukifuta kwa bahati mbaya, kinafuta na yeye, wala mwizi akibeba kompyuta nzima hatakuachia dada mmoja.

Dada wa Konde nilimpelekea salamu kwa mumewe, hazikujibiwa. Jumapili nimepeleka sahani ya vileja. Sahani imerudi, imeoshwa, haina kitu.

Wiki ijayo ni viatu, inshaallah.